Mwisho wa Reli: Vibarua wa Katavi na Karatasi Zao

Reli ya Kati inagawanyika Kaliua. Mabehewa ya Kigoma huendelea magharibi, ya Mpanda hukata kusini na kuingia pori la miombo kwa kilomita 210 hivi, hadi reli inapoishia. Siku hizi lami ipo. Barabara ya Tabora hadi Mpanda kupitia Koga ilizinduliwa mwaka 2022, na mwenye haraka hupanda basi asubuhi akafika jua lingali juu. Mimi nilichagua treni, daraja la tatu, kwa sababu nilitaka kukaa na watu wanaokwenda kutafuta kazi. Wengi wao bado husafiri kwa treni. Nauli yake ni ya chini, na mtu mwenye jembe, sufuria na godoro lililofungwa kwa kamba haambiwi kwamba mzigo wake umezidi.

Kwenye benchi letu tulikuwa na mama anayepeleka dagaa wa Kigoma Mishamo, kijana wa Kasulu aliyekuwa anarudi kwenye kazi za msimu, na mzee wa Kisukuma kutoka Bariadi aliyesikia kwamba Mpimbwe bado kuna ardhi. Mbele yetu walikaa vijana wawili waliosema machache. Mkaguzi wa tiketi alipopita walikuwa wameshazishika mkononi, na alipowauliza wanakwenda wapi, aliyejibu ni yule kijana wa Kasulu. Kiha na Kirundi ni ndugu wa karibu mno. Mrundi aliyekaa kimya kidogo anaweza kupita kama Muha. Sidhani kama kuna mtu kwenye behewa lile ambaye hakuelewa.

Mkaguzi alipokwisha kupita, mzee wa Bariadi akasema, bila hasira, kama mtu anayetaja hali ya hewa: "Hawa ndio wanaotuharibia bei."

Kijana wa Kasulu, aliyetoka tu kuwasitiri, alimuunga mkono. Alieleza kwamba zamani ukipewa ekari ya kupalilia mnajadiliana na mwenye shamba. Sasa ukitaja bei yako unaambiwa nenda, yupo atakayelima kwa nusu. "Siwachukii, mzee wangu. Ila kweli ni kweli."

Nimesafiri na maneno hayo mkoa wote wa Katavi. Ni hoja inayosemwa duniani kote, Ulaya na Marekani, Afrika Kusini, Ghuba: mgeni maskini akiingia, bei ya jasho la mwenyeji inashuka. Sitaki kuipuuza, kwa sababu aliyeisema mbele yangu anaishi kwa jembe. Nilitaka kujua bei hiyo inashukaje na ni nani anayeishusha.

Reli yenyewe ilijengwa kwa ajili ya kazi ya watu wa kuja. Waingereza waliileta Mpanda mwishoni mwa miaka ya 1940 ili kubeba madini ya risasi kutoka mgodi wa kampuni ya Uruwira Minerals, na mgodi ulipofungwa, reli ikabaki. Watu wa kuchimba walitoka mbali, kwa kuwa eneo hili lilikuwa na watu wachache, na uchache huo nao ulikuwa na sababu. Miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu kutoka vijiji vilivyotawanyika porini na kuwakusanya pamoja kwa sababu ya malale, na ndorobo wakabaki na msitu. Wakati huohuo wanaume wa magharibi walikuwa wakichukuliwa upande wa pili wa nchi, kwenda kwenye mkonge wa Tanga na Morogoro. Wenye mashamba waliunda SILABU mwaka 1944, chombo cha kuwaandikisha na kuwasafirisha Waha, Wafipa, Warundi na wengine. Hao ndio manamba. Walifanya kazi kwa kipande: siku 30 zikijazwa kwenye kadi ndipo mtu analipwa. Siku aliyougua au aliyoshindwa kumaliza kazi aliyopimiwa haikuandikwa. Kwa hiyo babu wa yule kijana wa Kasulu na babu wa wale vijana wawili huenda walilala kambi moja Korogwe, wakikata mkonge kwa kipande kimoja, na hakuna aliyemwita mwenzake mharibifu wa bei. Bei ilikuwa imeshapangwa na watu waliowaandika.

Mpanda ya leo inakua kwa kasi ambayo mtu huiona kabla ya kuambiwa. Ukitembea kutoka Makanyagio hadi Kawajense unakuta misingi mipya ya nyumba kila baada ya hatua chache. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 564,604 Katavi. Ya mwaka 2022 ilihesabu 1,152,958. Ongezeko hilo, asilimia 7.1 kwa mwaka, lilikuwa kubwa kuliko la mkoa mwingine wowote nchini. Uzazi peke yake hauwezi kufanya hivyo. Watu wamekuja. Wafugaji wa Kisukuma walianza kuteremka bonde la Rukwa na ng'ombe wao tangu miaka ya 1970, wachimbaji wadogo wakaja na karai zao kufuata dhahabu ya Ibindi na Dirifu, wafanyabiashara wakafuata mpunga wa Mwamkulu na Kakese. Sokoni Kashaulili niliuliza watu wengi kwao ni wapi. Ilinichukua muda kumpata Mbende, mwenyeji wa asili, na Mpimbwe, mwenyeji mwingine, nilimpata stendi akiwa anaondoka.

Haya yote tunayaita maendeleo ya mkoa. Msukuma anayetoka Bariadi, zaidi ya kilomita 500, hatumwiti mhamiaji, ingawa ng'ombe wake wamegombana na wenyeji juu ya malisho na misitu imekatwa kwa shoka lake kama la mwingine yeyote. Ana haki ya kuja; Katiba inampa uhuru wa kwenda popote ndani ya Jamhuri. Kijana wa Makamba, Burundi, ambaye kwao ni karibu zaidi, hana haki hiyo. Nautaja umbali kwa sababu nilipokuwa Katavi hakuna aliyeutaja.

Katumba iko kaskazini mashariki ya mji, ndani ya Halmashauri ya Nsimbo. Kwa jina rasmi yalikuwa makazi ya wakimbizi. Kwa macho ni nchi nzima ya vijiji, barabara za udongo mwekundu, makanisa, migomba na mabani ya kukaushia tumbaku. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 waliletwa hapa na serikali ya Mwalimu Nyerere kwa msaada wa UNHCR na shirika la TCRS. Wengine wakapelekwa Ulyankulu, Tabora, na mwishoni mwa muongo huo Mishamo. Kila familia ilipewa kipande cha pori na jembe. Baada ya miaka michache msaada wa chakula ulikoma kwa sababu haukuhitajika tena. Mahindi na maharage ya makazi hayo yalianza kulisha Mpanda.

Nilikaa na mzee mmoja mchana kutwa chini ya mwembe wake. Nilimwamkia "shikamoo mzee" naye akaitikia kwa Kiswahili cha watu wa Tabora, kisha akamwita mjukuu kwa Kirundi alete viti. Aliletwa hapa akiwa kijana. Ameishi Katumba zaidi kuliko alivyoishi popote. Nilimuuliza kuhusu kazi, sikumuuliza kuhusu vita, na nadhani alifurahi.

"Tulipokuwa wakimbizi," alisema, "ukitaka kutoka lazima kibali. Siku ngapi, kwa nani, kufanya nini. Mtu wa mjini akikupa kazi anajua huna muda. Kibali kinaisha Ijumaa. Kwa hiyo anakulipa Alhamisi anachotaka."

Mwaka 2007 serikali za Tanzania na Burundi pamoja na UNHCR ziliwauliza watu wa makazi haya matatu ya zamani, zaidi ya laki mbili, wanataka nini. Karibu asilimia 80 walichagua uraia wa Tanzania. Maombi ya watu 162,156 yalikubaliwa mwaka 2010, na hapo ndipo ulipoanza wakati ambao mzee aliusimulia kwa taabu zaidi kuliko hata safari ya 1972. Walikuwa wamekubali kuuacha uraia wa Burundi, lakini vyeti havikutolewa. Waliambiwa watahamishwa na kutawanywa mikoa mingine. "Miaka minne hakuna aliyethubutu kupanda mwembe. Ukipanda, atakula nani?" Mwaka 2014 mpango wa kuwatawanya uliachwa, na Oktoba Rais Kikwete akaanza kuwakabidhi vyeti. Mwaka uliofuata walipiga kura katika uchaguzi mkuu.

Nilimuuliza cheti kilibadilisha nini. Sikutarajia jibu lenye hesabu. Mwanawe wa kwanza anaendesha bodaboda Mpanda, wa pili ni mwalimu wa shule ya msingi na mshahara wake ni sawa na wa walimu wenzake, hata kumi haipungui. Yule wa bodaboda aliwahi kudhulumiwa ujira wa kufyatua matofali. Akaenda kwa mtendaji wa kata, mdaiwa akaitwa, akalipa. "Zamani angekwenda wapi? Angejishitaki mwenyewe."

Watu wale wale, ardhi ile ile, mikono ile ile. Kabla ya cheti walikuwa nguvukazi ya bei ya chini, baada ya cheti si hivyo tena. Sijui jaribio jingine Afrika Mashariki lililoonyesha jambo hili kwa watu wengi hivyo kwa mkupuo mmoja, na nashangaa kwamba katika mijadala yetu ya soko huria la ajira halitajwi.

Kisha mzee akanionyesha shamba lake la tumbaku, na huko matutani walikuwa vijana watatu wa msimu. Wametoka Burundi.

Zao la tumbaku linakula watu. Vitalu vinaandaliwa tangu kiangazi. Oktoba matuta yanapigwa, miche inahamishwa mvua zikianza, halafu palizi, kukata vikonyo, kuvuna jani kwa jani kutoka chini kwenda juu, kufunga kwenye fito, kuchoma bani usiku na mchana kwa kuni zinazokatwa mbali kila mwaka, kupanga madaraja, kufunga marobota. Mkulima mwenye ekari chache na watoto walioko shule hawezi peke yake. Na fedha hana Oktoba. Pembejeo anakopeshwa kupitia chama cha msingi, deni hukatwa kwanza, bei huhesabiwa kwa dola, na mteuzi akishusha daraja la robota, hakuna wa kumbishia kwa sauti. Kwa hiyo kibarua wa msimu naye hukopesha: analima miezi yote kwa chakula na pa kulala, analipwa tumbaku ikishauzwa.

Kiwango nilichotajiwa na watu mbalimbali kilizungukia laki nne kwa msimu. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha sekta ya kilimo shilingi 140,000 kwa mwezi. Kuanzia Oktoba hadi Mei ni miezi minane, yaani 1,120,000. Hata ukitoa chakula na malazi, pengo ni kubwa. Lakini pengo hilo si baya kuliko yote, kwa sababu laki nne ni ahadi tu.

Mmoja wa vijana wale, baada ya mzee kutuacha, alinieleza msimu aliofanya kabla, kijiji kingine, kwa mwajiri mwingine. Alifanya kazi hadi marobota yalipopakiwa. Wiki ambayo fedha za mauzo zilitarajiwa, maofisa wa uhamiaji walikuja alfajiri wakiwa wanajua chumba anacholala. Alirudishwa mpakani na nguo alizovaa. "Waliambiwa na nani?" nilimuuliza. Akanitazama kama mtu anayeulizwa jua linachomoza wapi. "Aliyekuwa na deni langu."

Alirudi mwaka uliofuata. Kwao ardhi ya baba imegawanywa kwa ndugu saba. Kusini mwa Burundi mlima wote umelimwa hadi kileleni.

Nilimweleza mzee niliyoyasikia. Hakukana kwamba mambo hayo yapo. Yeye hulipa, alisema, na vijana walithibitisha, tena mmoja wao huu ulikuwa msimu wake wa tatu hapo. Ila alipotaja jirani zake aliangalia chini. Wako raia wapya wanaowafanyia Warundi yale waliyofanyiwa wao, na wako Watanzania wa asili wanaofanya hivyo hivyo.

Hapa ndipo nilipopata jibu la mzee wa Bariadi. Bei ya palizi Katavi hushushwa na mtu anayeweza kufanyishwa kazi kisha asilipwe. Mwenye shamba hamlinganishi kijana wa Kasulu na Mrundi anayelipwa nusu. Anamlinganisha na Mrundi ambaye, mambo yakiwa magumu, atalipwa sifuri. Hakuna Mtanzania anayeweza kushindana na sifuri. Ukimwondoa mgeni kwa operesheni, kama ilivyofanyika Kagera, Geita na Kigoma mwaka 2013, atakuja mwingine kupitia njia ya porini, mwenye hofu zaidi, na bei yake itakuwa chini zaidi. Ukimpa karatasi, anaweza kudai; akiweza kudai, hana tena tofauti na kijana wa Kasulu, na wote wawili watakaa upande mmoja wa meza.

Karatasi hiyo, kwa maandishi, ilipaswa kuwepo. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2007. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na ndani yake kuna uhuru wa wafanyakazi kwenda nchi yoyote mwanachama. Lakini kila nchi iliambatisha orodha ya kazi inazozifungua, na orodha yetu iliwafikiria wenye vyeti: wataalamu, walimu, mafundi wa ngazi fulani. Utaratibu wenyewe unaanza na mkataba wa ajira, kisha kibali, na ada ya kibali imekuwa ikitajwa kwa dola. Mhasibu wa Nairobi anaweza kuupita mlango huo. Mtu wa jembe, ambaye ndiye anayevuka mpaka kwa wingi, hana mkataba wa maandishi wala dola, kwa hiyo soko la pamoja halimjui. Sheria yetu ya kuratibu ajira za wageni ya mwaka 2015 nayo iliandikwa kumlinda Mtanzania, na kwa ofisi za Dar es Salaam labda inamlinda. Kwa kijana wa Kasulu imefanya kinyume.

Sisi tunayajua haya vizuri yanapotokea kwa binti zetu. Mwaka 2017 Human Rights Watch walitoa ripoti kuhusu wafanyakazi wa ndani wa Kitanzania Oman na Falme za Kiarabu: pasipoti zimechukuliwa, mishahara imezuiwa, na anayetoroka anageuka mkosaji kwa sababu ukaaji wake umefungwa kwa jina la mwajiri. Tulikasirika, na tulikuwa na haki ya kukasirika. Nimewasikia watu Mpanda wakiulaani mfumo huo wa kafala kwa uchungu wa kweli, maana wana ndugu Muscat. Mfumo ule ule upo kwenye mashamba yetu, bila hata pasipoti ya kuchukua.

Kabla ya kuondoka Nsimbo nilimtembelea mtendaji wa kijiji, mama mwenye daftari lililopangwa vizuri kuliko ofisi nyingi za wilaya nilizoingia. Ameshuhudia mauziano ya mashamba, mikopo ya mbuzi, hata makubaliano ya mahari. Mkataba wa kibarua wa msimu hajawahi kuletewa. "Wakiniletea wa Mtanzania nitaugonga muhuri leo," alisema. "Wakiniletea wa Mrundi, kaka yangu, itanibidi nipige simu. Ndiyo maana hawaji."

Nilikwenda Karema mwishoni, zaidi ya kilomita 100 magharibi, kwa gari lililojaza vumbi hadi kwenye meno. Kuna bandari mpya huko, iliyojengwa ili mizigo ipite Ziwa Tanganyika kwenda Moba na Kalemie, na Kongo imekuwa mwanachama wa Jumuiya tangu mwaka 2022. Kuna pia kumbukumbu ya zamani zaidi: Adrian Atiman, mtoto wa Afrika Magharibi aliyeuzwa utumwani, akakombolewa, akasomeshwa udaktari Malta, akaletwa Karema karibu na mwaka 1889 na kutibu watu hapo hadi alipofariki mwaka 1956. Wazee wanamtaja kama wa kwao.

Ufukweni kikundi cha wapakiaji kilikuwa kikijaza boti la mbao. Walikuwa Wabende, Wafipa na Wakongo, na kiongozi wao alikuwa na daftari lenye majina ya wote. Bei ya gunia moja imeandikwa kwa chaki kwenye ubao wa ghala, na jioni fedha hugawanywa kwa majina. Nilimuuliza kama Wakongo wanawaharibia bei. Alisema mwanzoni ilikuwa hivyo, wenye boti wakiwachukua pembeni na kuwapa kidogo, mpaka kikundi kilipoamua kuwaingiza kwenye daftari.

Kazi ya tumbaku inaweza kuandikwa namna hiyo. Kibali cha msimu, kwa shilingi na kwa ada ambayo kibarua anaweza kuitoa, kinachotolewa kwenye kituo cha mpaka cha Manyovu. Ndani yake jina la zao, wilaya, miezi, na ujira usiopungua ule wa amri ya serikali. Nakala moja kwa mtendaji, nakala moja kwa chama cha msingi, ili ujira ukatwe kwenye mauzo kama linavyokatwa deni la mbolea. Wenye mashamba watalalamika, na wale wanaolipwa tumbaku yao kwa kuchelewa watakuwa na sababu. Malipo yao nayo yaharakishwe. Miche inahamishwa mvua za kwanza zikinyesha. Kazi ya kuandika kibali hicho inapaswa kumalizika kabla ya Oktoba.